Geji ya Bomba na Geji ya Umeme

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya zile saa ndogo zenye mshale zikaazo mbele ya dereva wa motokaa, ambazo mafundi huziita geji.

Motokaa nyingi hutoka kiwandani na geji chache, na mahali pa nyingine huwekwa taa nyekundu tu. Taa hiyo yafaa, lakini hukawia kusema. Katika injini nyingi taa ya oili haiwaki mpaka presha imeshuka ikabaki kama ratili 5 au 7 tu katika inchi moja ya mraba. Na ikiwa injini wakati huo inavuta mzigo mlimani, beringi zimekwisha kuanza kulika. Wazee husema dalili ya mvua ni mawingu. Basi taa ni mvua yenyewe, bali geji ni wingu. Kwa sababu hiyo wenye magari wengi hununua geji za kuongeza, na wafikapo dukani huulizwa: mwataka ya bomba au ya umeme?

Tuanze na ya bomba, maana ndiyo ya kale. Mfaransa mmoja, jina lake Eugène Bourdon, alisajili uvumbuzi wake mwaka 1849. Ndani ya geji yake mna kibomba chembamba cha madini, kilichobanwa kikawa bapa, kikapindwa kama mwezi mwandamo, na ncha yake moja imezibwa. Mmepata kuona mpira wa kumwagilia bustani uliokunjwa: maji yakiingia kwa nguvu, wataka kunyoka. Ndivyo kifanyavyo kibomba hicho. Oili isukumwapo ndani yake hutaka kunyoka, na ile ncha iliyozibwa huvuta magurudumu madogo yenye meno, nayo hugeuza mshale. Haihitaji betri wala fyuzi. Hata umeme wote wa gari ukikatika, mshale bado husema kweli.

Lakini angalieni jambo moja. Ili geji hiyo ifanye kazi, oili yenyewe, iliyo moto na yenye kusukumwa kwa nguvu, haina budi kupita katika bomba jembamba kutoka kwenye injini, kupenya ule ukuta wa bati, na kufika karibu na magoti ya dereva. Bomba likisuguliwa na bati siku nyingi litatoboka, na oili ya moto itamrukia mtu miguuni hali gari linakwenda. Tena injini yenyewe yapoteza oili yake. Kwa hiyo mwenye kutaka geji ya namna hii yampasa azungushie tundu la bati mpira laini, alifunge bomba lisitikisike, na alikague kila mara.

Geji ya joto ya bomba ni tofauti kidogo. Haileti maji ya rejeta mbele ya dereva. Ina tumba dogo la madini litiwalo ndani ya maji ya injini, na ndani ya tumba mna kiowevu kigeukacho mvuke upesi, mara nyingi etha. Joto likizidi, mvuke husukuma kupitia bomba jembamba kama uzi wa shaba mpaka kwenye geji. Tumba, bomba na geji ni kitu kimoja, vimefungwa kiwandani. Basi bomba hilo halikatwi likiwa refu mno, wala haliungwi likikatika. Likivunjika, geji imekufa. Tena tundu la ukutani lazima litoshe kupitisha tumba zima.

Sasa tuitazame geji ya umeme. Hapa hakuna kinachopita ila waya. Kwenye injini hufungwa kifaa kidogo kiitwacho sensa. Joto au presha ikibadilika, sensa huuzuia umeme zaidi au hupunguza kuuzuia, na mshale hufuata. Waya hupinda kona yo yote, hufika mbali hata nyuma ya basi, na ukikatika huungwa kwa gharama ndogo. Hakuna oili wala mvuke uingiao walipo abiria.

Walakini nayo ina hila zake. Ya kwanza, geji na sensa lazima zioane. Kuna sensa ziendazo kutoka omu 10 mpaka 180, na nyingine kutoka 240 mpaka 33. Ukichanganya za jamii mbili, mshale utasema uwongo mchana kutwa. Nunueni geji na sensa yake pamoja. Ya pili, sensa nyingi zina waya mmoja tu, na umeme hurudi kwa njia ya chuma cha injini. Fundi akiizungushia nyuzi zake utepe mweupe wa mabomba ya maji, aweza kuifunga njia hiyo, na geji ikapotea. Ya tatu, katika geji nyingi za joto za umeme waya ukikatika mshale huangukia upande wa baridi, na dereva hufurahi hali injini yaungua.

Tukipima haya yote, ushauri wetu ni huu. Geji ya presha ya petroli iwe ya umeme, wala bomba la petroli lisiingizwe kamwe walipo watu, maana tone moja likikutana na cheche ni moto. Kwa oili, gari la abiria lifungwe ya umeme. Ya bomba yafaa gari la kale ambalo mwenyewe hulikagua, na yafaa sana mkononi mwa fundi, aifunge kwa muda mahali pa sensa ili ajue kama geji ya umeme yasema kweli. Kwa joto, ya bomba ni nzuri ikiwa injini iko karibu na haihitaji bomba refu. Na kwa kuangalia betri, chagueni voltimita badala ya amita ya kizamani, kwa kuwa amita hiyo hupitisha umeme mwingi wa gari nyuma ya dashibodi. Injini ikizunguka, volti 13.8 hadi 14.4 ni dalili njema katika gari la volti 12. Tena taa nyekundu msiiondoe. Kiungo cha njia tatu huwezesha taa na geji kukaa pamoja.

Kabla ya kufunga geji ya joto, ijaribuni. Tumbukizeni tumba katika sufuria ya maji yachemkayo. Pwani mshale usimame karibu na 100. Nairobi, iliyo juu ya bahari kama mita 1,800, usimame karibu na 94, maana huko maji huchemka mapema. Wanafunzi wataona hapo somo lao la shule likifanya kazi.

Mwisho, geji haiongozi gari. Dereva apandaye mlima wa Kitonga katika njia ya Iringa, na abiria nyuma yake, lazima ajue mshale wake hukaa wapi siku zote. Ukipanda kupita desturi, asimame. Na ukianguka ghafula katikati ya mlima, asifurahi bali asimame vile vile, kwa kuwa maji yakimwagika yote, tumba au sensa hubaki katika hewa tupu na kusema baridi. Wala asifungue kifuniko cha rejeta kabla haijapoa. Injini iliyosimamishwa mapema yaweza kuponywa kwa mpira mmoja wa maji. Iliyolazimishwa kufika kileleni huenda isiwake tena, na abiria wakalala njiani. Geji njema, ya bomba au ya umeme, ni ile itazamwayo.