WATOTO WANNE, KARATASI MOJA

Leo tunaongea juu ya kazi ambayo watu wengi wanaiona kuwa muchezo tu: watoto wadogo kuchora pamoja darasani.

Kwanza musikie habari hii. Katika inchi ya Italia, karibu na muji wa Reggio Emilia, vita ilipoisha mwaka 1945, watu wa kijiji cha Villa Cella waliuza tanki, magari makubwa na farasi ambavyo jeshi la Wajerumani liliacha. Kwa pesa hiyo walianza kujenga masomo ya watoto wadogo. Mwalimu mumoja kijana, Loris Malaguzzi, akapanda kinga yake akaenda kuona. Alibaki katika kazi hiyo mupaka kufa kwake, mwaka 1994. Katika masomo ya muji ule waliweka chumba cha kuchora na kufinyanga, watoto wafanye kazi kwa vikundi vidogo. Wazazi wale walikuwa wametoka katika vita. Walitaka watoto wajue kufikiri pamoja na wengine, si kutii amri tu.

Sasa tuje kwetu Kivu. Katika darasa moja la maternele wanaikaa watoto ambao wazazi wao hawasalimiane tena. Karatasi na rangi ni haba, lakini mufuko wa simenti uliopasuliwa, makaa na udongo vinatosha.

Ninyi walimu, muweke watoto wanne kwenye karatasi moja. Musiigawanye kwa mistari. Mwanzoni kila mutoto atachora katika pembe yake. Kisha mumoja ataona nyumba ya mwenzake, atachora nyumba kama ile. Musiseme ameiba, kuiga ni njia yake ya kuingia katika mazungumzo. Mwingine atapitisha barabara katikati ya shamba la mwenzake. Hapo kelele itatokea. Wakipigana, muwatenganishe. Lakini kama ni maneno tu, mungoje kidogo, musikimbie kukata shauri. Muulize: «Barabara hii inaenda wapi? Mwenye shamba anasema nini?» Mara nyingi watoto wenyewe watatafuta njia: watazungusha barabara, ao watahamisha shamba.

Na mutoto akichora bunduki, musipasue karatasi. Mumuombe aeleze habari yake, na wenzake wasikilize.

Ninyi wazazi, mutoto akirudi nyumbani, musimuulize nani amechora vizuri kupita wote. Mumuulize alichora pamoja na nani, na walipatana namna gani.

Wandugu, tunajua sote ni damu ngapi imemwangika kwetu kwa ajili ya mipaka ya mashamba. Mutoto wa miaka mitano anayezoea kumuuliza mwenzake mbele ya kupitisha barabara yake, anajifunza jambo ambalo sisi wakubwa tumeshindwa mara nyingi. Tumupe nafasi.

Amani ikae katika nyumba zenu.