Muuguzi Mwanafunzi ni Mlinzi wa Zamu



Mazungumzo yetu ya leo yahusu mafunzo ya wauguzi wanafunzi, wale wanaojifunza kumhudumia mgonjwa aliyezidiwa ghafula au aliyetoka kupasuliwa. Huenda mtu akauliza: jambo hilo lamhusu nini askari? Lamhusu sana. Magari yatokayo Mombasa kwenda Kampala huvuka mpaka Malaba, wilayani Tororo, na pia Busia. Malori hupita usiku na mchana. Ajali itokeapo, aghalabu askari ni miongoni mwa watu wa kwanza kufika, na muuguzi ndiye atakayekesha kando ya kitanda. Wote wawili wamo katika zamu moja.

Tororo ina hospitali ya serikali na ile ya Mtakatifu Anthony. Wilaya ya Busia, upande wa Uganda, ina hospitali ya Masafu. Na ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya ina hospitali yake ya rufaa na tawi la chuo cha mafunzo ya tiba. Kwa hiyo majengo yapo. Tujiulize sasa: mwanafunzi hufundishwaje?

Darasani husoma kwamba mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Lakini kitabu hakitoki damu. Ni kitandani anapojifunza kumpima aliyepasuliwa kila baada ya dakika 15 katika saa ya kwanza, kutazama bendeji, na kupitisha mkono chini ya mgongo kuona kama damu imejikusanya huko. Mtu anayevuja damu ndani ya mwili, mapigo ya moyo huenda mbio, pumzi huongezeka, ngozi hupoa na kulowa jasho, na mkojo hupungua. Shinikizo la damu laweza kuonekana sawa hali hatari imekwisha kuingia. Anayengoja lishuke ndipo aite daktari, amechelewa.

Wahenga walisema, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mlinzi langoni hatakiwi kupigana vita peke yake. Hutakiwa kuona, kutambua, na kupiga mbiu mapema. Muuguzi naye ni hivyo hivyo.

Basi pana makosa mawili ya kuepukwa. La kwanza ni kumhesabu mwanafunzi kama mfanyakazi kamili na kumwachia wadi usiku kwa kuwa wauguzi ni wachache. Kuruta hapewi lindo peke yake kabla ya kufundishwa silaha yake. La pili ni kumkemea aliyeita daktari na ikaonekana hakuna neno. Akikemewa leo, kesho atanyamaza, na kimya hicho kitalipiwa na mgonjwa.

Historia ya majeshi yatufunza. Katika vita vya Krimea, Waingereza waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa majeraha. Florence Nightingale alifika Scutari, Uturuki, mwaka 1854, na mwaka 1860 chuo chake cha wauguzi kikafunguliwa London, katika hospitali ya Mtakatifu Thomas. Mafunzo yake yalifanyika humo humo wadini, chini ya msimamizi.

Nanyi askari mna wajibu wenu. Mmletapo majeruhi, mwelezeni muuguzi, hata akiwa mwanafunzi: ajali ilitokea saa ngapi, majeruhi alipoteza fahamu au la, damu ilitoka kiasi gani, na kidonda kilifungwa lini. Kisha mpisheni afanye kazi. Cheo cha afisa mwenye jeraha dogo hakimtangulii utingo anayekata roho.

Siku moja aliye kitandani atakuwa mmoja wenu. Heri wakati huo akeshewe na mtu aliyefundishwa kuona, na asiyeogopa kuita.