Mteja wa siri na simu ya mkononi: tuliyojifunza katika kukagua maduka ya dawa

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na wageni kutoka kwa wafadhili)



 Tumeombwa kueleza kazi ya wateja wa siri katika maduka ya dawa, na hasa matumizi ya simu zinazoonyesha mahali mtu alipo. Wengi wenu mmesikia habari zake nusunusu. Wapo waliosikia kwamba ofisi ya miradi imetuma wapelelezi vijijini. Wapo pia waliosikia kwamba simu zimekomesha udanganyifu wote katika taarifa zetu. Yote mawili si kweli. Leo tutaeleza kazi yenyewe pamoja na kosa tulilolifanya, kwa maana kosa hilo ndilo lililotufundisha zaidi.

Kwa nini tulianza

Ndugu zangu, mtoto akishikwa na homa usiku kijijini, mara nyingi mama hukimbilia duka la dawa kabla ya zahanati. Duka liko karibu, halina foleni, na mwenye duka anafahamika. Maduka ya Dawa Muhimu yalianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, kisha yakaenea na kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi. Watoa dawa wake hupewa mafunzo. Lakini mafunzo ni jambo moja, na yanayotendeka dukani saa mbili usiku ni jambo jingine.

Chukueni mfano wa dawa mseto ya malaria. Mtoto mwenye uzito wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge 1 mara mbili kwa siku, kwa siku 3, jumla vidonge 6. Na tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba mgonjwa apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Akiuziwa vidonge vitatu, homa inaweza kushuka na vimelea vikabaki. Jambo hili si dogo, kwa kuwa usugu wa vimelea dhidi ya artemisinini, kwa kiasi fulani, umekwisha kuthibitishwa Rwanda, Uganda, Eritrea na hapa kwetu Tanzania.

Tulipokwenda madukani tukiwa na vitambulisho na fomu, kila mtoa dawa alijibu vizuri kabisa. Nani asiyejua kujibu mtihani akimwona msimamizi? Ndipo tukaamua kutumia njia ya mteja wa siri. Njia hii imetoka katika biashara: kampuni humtuma mtu anunue kama mteja wa kawaida, kisha aeleze alivyohudumiwa. Watafiti wa afya wameitumia miaka mingi, hata hapa Tanzania.

Kuhusu ukweli wa njia hii

Swali la kwanza lilitoka kwa mzee mmoja wa kanisa, nalo lilikuwa zito. Aliuliza: "Je, dayosisi inaweza kumtuma mtu akaseme mtoto wake anaumwa, na hana mtoto?" Hatukuwa na haki ya kulipuuza. Tulikwenda kwanza kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kuomba kibali. Kisha tulikaa na wenye maduka na watoa dawa wao, tukawaambia wazi: katika miezi ijayo atakuja mteja mmoja au wawili ambao hamtawajua, shabaha ni kuona mafunzo yamesaidia wapi, wala hakuna atakayepelekwa polisi kwa taarifa zetu. Aliyekubali alitia sahihi. Aliyekataa hakutembelewa. Dawa zilizonunuliwa zilikabidhiwa zahanati. Yule mzee alisema bado hapendi, ila sasa ameelewa. Tuliliona hilo kuwa jibu la haki.

Simu inavyofanya kazi

Zamani mteja wa siri alirudi na karatasi. Marafiki zetu wafadhili walituuliza, kwa haki yao, tutajuaje kwamba alifika? Tukachukua programu ya bure ya kukusanya taarifa, KoboCollect, iliyojengwa juu ya mfumo wa ODK ulioanza Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008. Fomu inakaa ndani ya simu, inajazwa hata pasipo na mtandao, kisha inatumwa mtandao ukipatikana. Ndani ya fomu kuna swali linalojibiwa na simu yenyewe: uko wapi?

Simu hujibu kwa kupokea mawimbi ya satelaiti, angalau nne kwa wakati mmoja, na kupima muda ambao mawimbi hayo yametumia njiani. Kazi hiyo haihitaji bando. Chini ya anga wazi simu ya kawaida hukosea kwa mita 5 hivi. Chini ya bati, au katikati ya majengo, mawimbi hufifia, na simu huweza kukisia kwa kutumia minara ya simu, na hapo kosa huweza kufika mamia ya mita na zaidi. Kwa hiyo pamoja na nukta kwenye ramani, simu huandika pia kiwango cha kosa. Namba hiyo ndogo sisi hatukuisoma.

Tulipokosea

Katika duru ya kwanza tulipanga fomu ijazwe dukani. Nukta zilipofika ofisini tulizitandaza kwenye ramani, na tukafurahi kama watoto. Kisha tukaona jambo. Binti mmoja kutoka usharika wa mlimani alikuwa ameleta taarifa za maduka matatu, na nukta zote tatu ziko mahali pamoja, mbali na soko. Kijana mwingine wa usharika wa jirani, nukta zake zilikaa juu ya paa za maduka barabara, kama zimepigwa msumari.

Mgeni mmoja aliyeiona ramani ile aliuliza kwa upole kama binti yule alikaa nyumbani. Hatukuwa na jibu. Ofisini mmoja wetu akasema lisemwalo lipo. Barua ya kumsimamisha ikaandikwa, na jina la kijana yule likawekwa kwenye taarifa kama mfano wa kuigwa. Tunakiri mbele yenu kwamba barua ilikuwa tayari ina muhuri.

Mchungaji wa usharika wake alikataa kuipeleka kabla binti hajaulizwa. Tulipomwita, alikuja na bahasha. Ndani yake mlikuwa na dawa kutoka maduka yote matatu, kila moja na kikaratasi cha saa na bei. Akatueleza kwa heshima: "Shikamooni wazee. Mliniambia niwe mteja wa siri. Mama gani ananunua dawa ya mtoto halafu anasimama mlangoni robo saa akiandika kwenye simu kubwa? Nilikwenda, nikanunua, nikarudi kwa shangazi, nikajaza nikiwa nimekaa."

Hatukuwa na la kusema. Kanuni yetu ndiyo iliyokuwa na kasoro. Tulimtaka afiche kazi yake na wakati huohuo aifanye hadharani.

Ya kijana yalijulikana wiki mbili baadaye, wala si kwa simu. Tulikuwa na kikao na watoa dawa, tukamsomea mmoja wao jinsi alivyomhudumia mteja siku fulani. Akashangaa. Siku ile duka lake lilifungwa kutwa nzima, alikuwa msibani, na nusu ya waliokuwapo kikaoni walikuwa naye makaburini. Kijana alifika kweli. Alikuta kufuli, akasimama mlangoni, akajaza fomu kwa kubuni ili asikose posho, kwa kuwa tulikuwa tunalipa kwa idadi ya fomu. Alipoulizwa alikiri, akalia. Nasi tulijiuliza ni nani aliyemwekea jaribu lile.

Ndugu wajumbe, tafakarini jambo hili pamoja nasi. Mwaminifu alikaribia kufukuzwa kwa ushahidi wa simu, na aliyebuni alikaribia kupewa sifa kwa ushahidi wa simu hiyohiyo. Nukta inasema simu ilikuwa mahali fulani saa fulani. Haisemi mtu alitenda nini, wala moyoni mwake mlikuwa na nini. Sisi Walutheri tumejifunza katika Katekisimo Ndogo kwamba Amri ya Nane haikatazi uongo tu. Martin Luther aliieleza pia kuwa wajibu wa kumtetea jirani na kuyachukulia mambo yake kwa upande mwema. Sisi tulimshuhudia jirani uongo kwa kutumia ramani.

Tuliyobadili

Kwanza, mteja wa siri sasa anabonyeza mara moja tu kabla ya kuingia, akiwa nje chini ya anga wazi, kama mtu anayetazama saa. Simu inarudi mfukoni. Fomu inajazwa baadaye, mahali pa utulivu, kabla ya saa moja kupita.

Pili, tunasoma kiwango cha kosa. Nukta yenye kosa kubwa haihesabiwi kuwa ushahidi wa jambo lolote, zuri wala baya. Tunajua pia kwamba zipo programu za kuidanganya simu iseme iko mahali isipokuwapo, kwa hiyo hata nukta nzuri hatuiabudu.

Tatu, ushahidi unasimama kwa miguu kadhaa: nukta, dawa yenyewe na picha ya pakiti yake, bei, na mazungumzo na msimamizi. Hatupigi picha ya mtoa dawa wala ya wateja wengine.

Nne, posho inalipwa kwa siku ya kazi. "Nilikuta duka limefungwa" ni taarifa kamili, na inalipwa sawa na nyingine.

Tano, hakuna anayeandikiwa barua kabla ya kuulizwa uso kwa uso, mchungaji au mzee wa kanisa akiwapo.

Sita, simu inachukua mahali pale tu inapobonyezwa. Haimfuati mtu kutwa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mahali alipo mtu ni habari zake. Mwaka 2021 gazeti la Wall Street Journal liliripoti kuhusu kampuni moja ya Marekani inayowalipa watu wa kawaida katika nchi mbalimbali kufanya kazi ndogondogo kwa simu, nayo ilikuwa ikitoa taarifa kwa jeshi la Marekani. Kwa sababu hiyo kila mteja wa siri wetu anaambiwa kabla ya kuanza taarifa zinakwenda kwa nani, na ramani yenye majina haitoki nje ya ofisi.

Tulichokikuta madukani

Mtauliza, baada ya yote hayo, tulipata nini? Tulikuta watoa dawa wanaouliza umri na uzito wa mtoto, na kumwelekeza mama zahanati akapimwe. Tulikuta pia nusu dozi ikiuzwa. Taarifa ya kila duka tunampelekea kwanza mwenye duka, kabla ya mtu mwingine yeyote. Mama mmoja mwenye duka aliisoma, akatuambia: "Mnajua kwa nini ninauza vidonge vitatu? Kwa sababu mama amekuja na pesa ya vidonge vitatu, na mtoto yuko mgongoni anachemka. Nimrudishe?"

Swali lile halikuwamo katika fomu yetu. Limezaa jambo jema hata hivyo. Usharika wake umetenga sehemu ya mfuko wa diakonia: mama anayepungukiwa anapewa dozi kamili, na duka linarudishiwa tofauti na mtunza hazina wa usharika, baada ya mtoto kupimwa zahanati. Ni mpango mdogo, wa usharika mmoja, na tunaufuatilia kwa makini kabla ya kuwashauri wengine.

Maombi yetu

Kwa kamati za sharika: tuchagulieni watu mnaowafahamu, kina mama wakiwamo, na msitutumie watoto wa viongozi kwa sababu tu wanajua kutumia simu. Kutumia simu kunafundishwa kwa siku mbili.

Kwa marafiki zetu wafadhili: tunashukuru kwa simu, na tunashukuru zaidi kwa maswali yenu. Endeleeni kuuliza. Tunaomba tu kwamba mkiona nukta iliyokaa vibaya kwenye ramani, mtupe nafasi ya kwenda kumwuliza mwenye nukta.

Yule binti bado yuko nasi, na sasa anawafundisha wateja wa siri wapya. Kijana naye alipewa duru nyingine, akaifanya vema. Ile barua yenye muhuri tumeihifadhi katika jalada la mradi, ili atakayekuja baada yetu aisome.