Wazee wetu na kampuni za simu

Leo tunawasemea bibi na babu zetu.

Pesa ya chakula ikiingia kwenye simu, kijana anabonyeza namba ya siri, amemaliza. Bibi haoni herufi. Anampa wakala simu na namba ya siri pia, na mara nyingine anarudi nyumbani pesa imepungua.

Kampuni inapata faida kwetu. Ikileta sabuni tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, tutapokea, sabuni ni sabuni. Lakini wajibu wake ni kuweka mfanyakazi penye mgao, anayejua lugha ya bibi, amsomee meseji kwa sauti. Viongozi wa vijiji, pelekeni ombi hilo kwa maandishi, nakala kwa UNHCR.

Na bibi, namba ya siri usimtajie wakala. Bonyeza mwenyewe, hata ukichelewesha foleni.