Moto Ndio Uamuzi: Fuwele za Kalsiamu Fosfeti Hospitalini, Kisimani na Shambani



Hoja yangu leo ni moja. Madini ya mfupa hayawi mazuri au mabaya kwa asili yake; joto, hewa na muda wa kuyachoma ndivyo vinavyoamua yatafaa kwa kazi gani.

Karibu theluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu ni madini ya kalsiamu na fosfeti, ya jamii iitwayo hidroksiapatiti. Mwilini fuwele zake ni ndogo mno, za makumi machache ya nanomita kwa urefu, tena zimechanganyika na kaboneti. Udogo huo na mpangilio usiokamilika ndio unaouwezesha mwili kuziyeyusha na kuzijenga upya maisha yetu yote. Ufuwele, basi, ni kipimo cha mpangilio: atomu zikijipanga safu kwa safu, uko juu, zikikaa shaghalabaghala, uko chini.

Mkoa wetu wa Kigoma una mfano wa jinsi fuwele zinavyokua: chumvi ya Uvinza. Maji ya chumvi yakichemshwa kwa moto mkali, chembe hutoka laini. Yakikauka polepole, hutoka kubwa. Chumvi ni ile ile, ila chembe zimepata muda tofauti wa kukua.

Kalsiamu fosfeti nayo hufuata kanuni hiyo. Maabarani, vimiminika viwili vikichanganywa, zao la kwanza aghalabu halina fuwele. Likikaa katika maji ya moto yenye alkali, hujipanga taratibu kuwa hidroksiapatiti. Tanuruni, joto likivuka nyuzi 600 za sentigredi hivi, fuwele hukua kwa kasi. Kati ya nyuzi 1000 na 1250 chembe hushikamana kuwa kauri ngumu. Ukikaribia 1400, madini yenyewe huvunjika na kuwa fosfeti za aina nyingine.

Hospitalini tofauti hizi ni jambo zito. Kauri yenye ufuwele wa juu, ikijazwa kwenye pengo la mfupa, hudumu miaka mingi. Yenye ufuwele wa chini huyeyuka mapema na kuuachia nafasi mfupa mpya. Nyonga bandia za chuma hupakwa hidroksiapatiti kwa kurushiwa unga uliopita katika moto wa plazma. Matone yakigonga chuma hupoa ghafla, na sehemu yake hubaki bila fuwele. Sehemu hiyo ikizidi, utando huweza kumomonyoka kabla mfupa haujashika, ndiyo maana watengenezaji wengine huupasha joto upya.

Kwenye maji, mahitaji ni kinyume. Huko Ngurdoto, mkoani Arusha, kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji kimetumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kupunguza floraidi, madini yanayotia meno rangi ya kahawia na, yakizidi sana, kupinda mifupa ya watoto. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi hunaswa kwenye uso wa fuwele, kwa hiyo fuwele ndogo zenye uso mpana hunasa zaidi. Mifupa huchomwa kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 hivi, hewa ikibanwa. Vunja kipande ukitazame ndani. Kikiwa cha kahawia, mabaki ya nyama na mafuta yatatia maji harufu na ladha. Kikiwa cheusi hadi katikati, kinafaa. Kikiwa cheupe, moto ulizidi: fuwele zimekua, uso umepungua, na mkaa umepoteza nguvu.

Shambani ni vivyo hivyo. Fosfeti inayochimbwa Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, huyeyuka udongoni kwa urahisi kuliko ile ya Panda Hill, Mbeya, iliyotokana na miamba ya volkano na yenye fuwele zilizokomaa. Katika udongo wenye tindikali, kama ulivyo sehemu nyingi za nyanda zetu, mkulima wa maharage anahitaji fosfeti inayoyeyuka. Kuwauzia wakulima majivu meupe ya mifupa iliyoungua kupita kiasi ni kuwapunja.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Mganga na mnunuzi wa vifaa vya hospitali, ulizeni ufuwele wa bidhaa pamoja na bei yake. Anayechoma mifupa kwa ajili ya maji au shamba, aweke kipimajoto tanuruni na kuandika kwenye kila gunia joto, muda na kiasi cha hewa. Vyuo vikuu vyetu vipokee sampuli kutoka vijijini na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, vizipime kwa eksirei, na virudishe majibu kwa Kiswahili. Mifupa tunayo na moto tunao, tuanze kuupima.