Chango, Lawalawa na UTI Sugu: Maumivu ya Chini ya Kitovu na Majina Tunayoyapa

Mada kwa wauguzi, wakunga na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Dodoma



Nianze na daftari. Mama mmoja aliletwa kwetu amepauka, jasho linamtiririka, mkononi kakamata daftari lake la matibabu. Ndani ya majuma mawili alikuwa ameandikiwa mara tatu: UTI, UTI, UTI sugu. Kila safari dawa ilibadilishwa, na hakuna ukurasa hata mmoja ulioandikwa tarehe ya hedhi yake ya mwisho. Alikuwa na mimba iliyotunga kwenye mrija, na mrija ulikuwa umeshapasuka. Alipona kwa kuwa damu ilipatikana upesi. Mkojo uleule uliotumika kutafuta UTI ungetosha kupima mimba.

Huku kwetu katikati ya nchi, maumivu ya mwanamke hupewa jina kabla ya kuulizwa swali. Nyumbani ni chango, dawa yake mizizi ya kuchemsha. Kwenye duka la dawa ni UTI. Na lipo jina zito kuliko hayo, ambalo mgeni kutoka Dar es Salaam huenda halijui: lawalawa.

Mtoto wa kike anawashwa, analia akikojoa, anatokwa na uchafu. Wazee wanasema ana lawalawa, na tiba yake ni kukeketwa. Imani hii ipo Dodoma na ipo Singida. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilipokataza kuwakeketa walio chini ya miaka 18, baadhi ya familia hazikuweka kisu chini. Zilikihamishia kwa watoto wachanga, wasioweza kusimulia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 47 ya wanawake wa Dodoma wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Kwa hiyo mama anayekaa mbele yako leo akilalamika maumivu wakati wa tendo la ndoa, au mkojo unaotoka kwa shida, pengine ana kovu la tiba aliyopewa akiwa bado ananyonya. Na ule muwasho wa utotoni? Mara nyingi ni fangasi, minyoo, au ngozi iliyokosa maji ya kuoshea. Anayejua ndoo moja inatoka umbali gani kiangazi hashangai.

Kwa mtu mzima, chanzo cha maumivu ninachotaka tukitazame kwa makini ni maambukizi ya via vya uzazi. Vijidudu vya kisonono na klamidia hupanda kutoka shingo ya kizazi hadi kwenye mirija. Mama anaweza kuwa na homa na uchafu wenye harufu, au asiwe na lolote ila uzito chini ya kitovu. Mirija ikishapata makovu, yai lililorutubishwa hukwama njiani, na hapo ndipo tunaporudi kwenye daftari la yule mama. Kumtibu mke na kumwacha mume ni kumkausha mtu aliyesimama mvuani.

Yapo maumivu yanayofuata mwezi. Yanaanza siku chache kabla ya hedhi, yanambana msichana hadi anakosa shule, na shangazi anamfariji kwamba akizaa yatakwisha. Tunaijua endometriosi kwa uchache mno, ingawa duniani inakadiriwa kumpata mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa. Nyama zinazofanana na utando wa ndani wa kizazi huota nje yake, na kila mwezi huvimba na kuacha makovu. Kipimo cha mkojo hakioni kitu. Hata utrasaundi inaweza kutoka safi. Happiness Magese, Miss Tanzania wa 2001 anayejulikana zaidi kwa jina la Millen, alisimama hadharani akasema anaugua ugonjwa huu na amepasuliwa mara nyingi. Nadhani alifundisha wengi kuliko semina zetu.

Uvimbe wa kizazi mnaujua: hedhi nzito, tumbo linalojaa, mkojo wa mara kwa mara. Kifuko cha yai kikijinyonga, maumivu huja ghafla upande mmoja pamoja na kutapika, na hapo ni rufaa bila kusubiri kesho. Aliyekulia akioga bwawani aulizwe kuhusu kichocho, maana mayai yake hukaa hata kwenye shingo ya kizazi. Saratani ya shingo hiyo huuma ikiwa imeshachelewa. Anayetokwa damu baada ya tendo afanyiwe kipimo cha siki. Tena si kila maumivu ya huko ni ya kizazi: kuna kidole tumbo, kuna choo kigumu, kuna misuli ya kiuno ya mtu anayebeba kuni tangu alfajiri. Na kuna kipigo. Hilo haliulizwi mume akiwa amesimama mlangoni.

Baada ya chai kila kundi litapewa kisa kimoja kilichoandikwa "UTI sugu". Msianze na dawa. Andikeni kwanza hedhi ya mwisho ilikuwa lini, maumivu yanaanza wapi na siku gani za mwezi, na kama kipimo cha mimba kimefanyika.