Mwenye C Anaweza Kuwa Nesi

Akina mama na akina baba wa vikundi, mtoto akileta wastani wa C nyumbani, tusimlilie. Digrii ya uuguzi inataka C+, lakini diploma inapokea C. Ila tusome cheti chote: Biolojia iwe C, Kiingereza au Kiswahili C, na C- katika Hesabu, Fizikia au Kemia, mojawapo tu.

Shule ziko karibu. KMTC Nyeri ni ya serikali. Mathari, Tumutumu na Chogoria ni za hospitali za misheni.

Kabla kikundi hakijatoa mkopo, au ng'ombe hajauzwa, tuulize Baraza la Wauguzi la Kenya kama shule imeidhinishwa. Isipoidhinishwa, mtoto wetu hatafanya mtihani wa leseni, na karo kuirudisha ni shida.